MTOTO WA NYOKA SI LAZIMA AWE NYOKA

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hii hutamkwa kila mahali panaposemwa Kiswahili, sokoni na kambini, na aghalabu msemaji huitamka pasipo kuipima. Msomaji atakayeifikisha mwisho riwaya ya Boubacar Boris Diop iitwayo Murambi hataitamka tena kwa wepesi huo. Riwaya hiyo ni habari ya mtu anayerudi nyumbani kuwalilia wafu wake, akaambiwa kwamba aliyewaua ni baba yake mzazi.

Makala haya si uhakiki wa mwalimu wa chuo. Ni maneno ya msomaji anayewaandikia ndugu zake wanajeshi na polisi, kwa kuwa riwaya hii, ijapokuwa haina sura hata moja ya mapigano ya jeshi na jeshi, inawahusu wao zaidi kuliko inavyowahusu wasomaji wengi wengine. Inauliza swali ambalo kila mwenye kuvaa sare katika nchi yetu hukutana nalo siku moja: je, mtoto wa muuaji ana haki ya kulia pamoja nasi?

Jinsi kitabu kilivyozaliwa

Mwaka 1998, miaka 4 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waandishi kadha wa Afrika walikuja Rwanda kwa mwaliko wa Fest'Africa, tamasha la fasihi lililokuwa na makao yake katika mji wa Lille, Ufaransa. Waliombwa wakae nchini, wawasikilize watu, kisha waandike. Miongoni mwao walikuwamo Véronique Tadjo wa Côte d'Ivoire, Tierno Monénembo wa Guinea, na Diop, Msenegali aliyezaliwa Dakar mwaka 1946 na ambaye kazi yake nyingine ilikuwa uandishi wa habari. Riwaya ya Diop ilitoka Paris mwaka 2000 kwa lugha ya Kifaransa. Jina lake kamili maana yake ni Murambi, Kitabu cha Mifupa. Tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Fiona Mc Laughlin ilifuata mwaka 2006.

Kabla ya hapo Diop alijulikana kwa riwaya zenye mafumbo mengi na masimulizi yaliyopindana. Baada ya kufika Nyamata, Ntarama na Murambi, alichagua maneno mepesi na sura fupi. Hapana shaka alitambua kwamba mbele ya mifupa ya watu, mwandishi anayejionyesha ustadi wake huwa anawavunjia heshima wafu. Tena safari ile ilimbadili kwa njia nyingine: mwaka 2003 alitoa riwaya kwa Kiwolofu, lugha ya mama yake. Mwaka 2022 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Neustadt nchini Marekani, mojawapo ya tuzo kubwa za fasihi duniani.

Kisa chenyewe

Mhusika mkuu ni Cornelius Uvimana, mwalimu wa historia aliyeishi uhamishoni, kwanza Burundi, kisha Jibuti. Anarudi Rwanda mwaka 1998 na kupokewa Kigali na marafiki zake wa utotoni, Stanley na Jessica. Jessica, wakati wa mauaji, alikuwa mjumbe wa siri wa RPF ndani ya mji, akiishi katikati ya wauaji kwa jina na kitambulisho kisicho chake. Cornelius anajua kwamba mama yake Nathalie na ndugu zake Julienne na François waliuawa. Amekuja kama mfiwa yeyote ajavyo: kuona kaburi, kusikia walivyokwisha, na kulia.

Ni Jessica anayempa habari asiyoitarajia. Daktari Joseph Karekezi, baba yake, Mhutu aliyeoa mke Mtutsi, mtu ambaye mwanawe alimjua tangu utoto kuwa mpenda haki, ndiye aliyepanga mauaji ya shule ya ufundi ya Murambi. Aliwakusanya maelfu ya watu pale kwa ahadi ya kuwalinda. Miongoni mwao walikuwamo mkewe mwenyewe na watoto wake wawili. Kisha akawatoa wote kwa wauaji, na baadaye akatorokea Kongo.

Sura nyingine za riwaya zinasimuliwa na watu mbalimbali, kila mmoja kwa kinywa chake: mwenye duka la kanda za video mjini Kigali anayeona nchi ikibadilika usiku mmoja, kijana kiongozi wa Interahamwe anayejiandaa kwa mauaji kama afanyavyo mtu anayekwenda kazini, daktari mwenyewe, hata ofisa mmoja wa jeshi la Ufaransa. Kwa njia hii msomaji haoni tu waliotendwa. Anaingizwa pia katika nyumba ya mtenda, na anashtuka kukuta kwamba ni nyumba ya kawaida, yenye wazee, watoto na wasiwasi wa kila siku.

Mfiwa asiye na wa kumpa pole

Katika mila zetu mfiwa hakai peke yake. Majirani huja kuketi naye katika ikiriyo, huleta kuni na kinywaji, humtaja marehemu kwa mema yake, na hata asiye na la kusema husema kwa kukaa kimya. Huzuni ya nyumba moja hugawanywa kwa nyumba nyingi ili ibebeke.

Tazama basi msiba wa Cornelius. Wale ambao mila ingewataka waje kumpa pole ndio waliofiwa kwa mkono wa baba yake. Akiingia Murambi, kila mlango anaobisha una jeraha lililotoka nyumbani kwao. Yeye ni mtoto wa waliouawa na ni mtoto wa muuaji, kwa damu ileile moja. Akilia, wako watakaosema anajifanya. Asipolia, watasema moyo wake ni wa baba yake. Katika riwaya nyingi nilizosoma kuhusu kifo, mfiwa hupigana na huzuni. Huyu anapigana kwanza kupata ruhusa ya kuhuzunika.

Linalomwokoa ni mwenendo wake. Haendi kuomba ahurumiwe. Alikuwa amekuja na nia ya kutunga mchezo wa kuigiza kuhusu mauaji yale, akaiacha nia hiyo alipoona kwamba mchezo wake ungekuwa dhihaka. Anakwenda kwenye makanisa ya mifupa, anasimama. Yuko mtu aitwaye Gérard, aliyeokoka Murambi chini ya maiti za wenzake, ambaye anajua Cornelius ni mtoto wa nani na anamtazama kwa shaka kubwa. Siku Gérard anapoamua kumsimulia yaliyompata, Cornelius hamkatizi wala hajitetei. Anasikiliza mpaka mwisho. Kwa maoni yangu hapo ndipo anapoipata haki yake ya kulia: kwa kukubali kwanza kuyabeba masikioni machozi ya mwenziwe.

Mzee asiye na silaha

Mhusika aliyenigusa kuliko wote ni Siméon Habineza, ndugu wa yule daktari. Ni mzee mpweke aliyebaki Murambi. Hana cheo wala bunduki. Baada ya mauaji kwisha, watu wenye hasira walikuja kuibomoa nyumba ya daktari. Siméon alisimama mbele yao akawazuia. Hakuwaambia wasahau, wala hakuwaambia wamsamehe ndugu yake. Aliwaambia, kwa ufupi, kwamba kuteswa hakumfanyi mtu awe bora kuliko aliyemtesa, na kwamba uovu una nafasi katika moyo wa kila mmoja wetu.

Ndugu polisi, mnaufahamu ugumu wa kuuzuia umati. Umati wa wahuni ni rahisi kuutawanya, maana wenyewe wanajua wamekosa. Ulio mgumu ni umati wenye haki, uliofiwa kweli, ambao askari mwenyewe angependa kujiunga nao. Siku kama hiyo kirungu hakitoshi. Kinachotakiwa ni mtu ambaye naye amefiwa, mwenye kusema hapana kwa sauti inayoaminika. Nyumba ile ilikuwa mawe na bati tu. Lakini mzee alijua kwamba anayeanza na mawe ya nyumba ya muuaji humalizia na mtoto wa muuaji.

Methali iliyogeuzwa sumu

Hapa ndipo turudi kwenye methali yetu. Kabla ya 1994 wachochezi nchini mwetu hawakuwa na haja ya kubuni lugha mpya. Waliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, na inzoka, yaani nyoka. Mwaka 1993 gazeti la Kangura lilichapisha makala yaliyodai kwamba mende hawezi kuzaa kipepeo. Maana yake ilikuwa hiyo hiyo ya mtoto wa nyoka: kwamba ubaya hurithiwa kama rangi ya ngozi, na kwa hiyo hata mtoto mchanga mgongoni mwa mama ni adui. Katika miezi ya Aprili hadi Julai 1994 fikra hiyo ilitekelezwa kwa panga. Watu zaidi ya milioni moja waliuawa kwa hesabu ya serikali yetu, na watoto hawakubakizwa.

Basi yule anayemtazama Cornelius na kusema, huyu ni mtoto wa Karekezi, hawezi kuwa mwema, ajue ameiokota fikra ya Kangura chini alikoiangusha adui. Ameigeuza upande tu. Kisu ni kilekile, ila mpini umeshikwa na mkono mwingine.

Katiba ya Rwanda inasema kwamba kosa la jinai hulijibu yule aliyelitenda binafsi. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa rasmi mwezi Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni 2, zilimwita mtendaji kwa jina lake, hazikumwita mwanawe. Sheria imekwisha sema. Lakini sheria haiketi mezani wakati wa chakula, wala hailali katika bweni la askari. Huko ndiko swali la riwaya hii linakoishi.

Na tusijidanganye kwamba ni swali la mbali. Jeshi lililoundwa baada ya Julai 1994 lilipokea pia askari waliotoka katika jeshi la zamani. Tangu hapo vijana wameandikishwa kutoka kila kilima. Katika kikosi kimoja aweza kuwamo mtoto wa mjane wa mauaji ya kimbari, na kitanda cha pili yupo ambaye baba yake alihukumiwa na Gacaca. Wanalinda pamoja usiku. Kila mmoja anaushika uhai wa mwenziwe. Mwezi wa Aprili unapofika, wote wawili wana wafu wao na wana kimya chao, lakini kimya cha yule wa pili ni kizito kwa namna yake, maana hajui kama anaruhusiwa kusema.

Sare na ahadi

Riwaya ni kazi ya kubuni, na Daktari Karekezi hakupata kuishi. Lakini Murambi ipo. Ni kilima katika Wilaya ya Nyamagabe ya leo, zamani mkoa wa Gikongoro, palipojengwa shule ya ufundi ambayo ilikuwa haijakamilika. Mwezi wa Aprili 1994 Watutsi waliokuwa wakikimbia mauaji waliambiwa na wakuu wa serikali ya wakati ule wakusanyike pale, kwa kuwa majandarme wangewalinda. Wakaja na watoto na ng'ombe. Maji yakakatwa. Chakula kikawaishia. Walijitetea kwa mawe. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Aprili walishambuliwa kwa bunduki, magruneti na mapanga. Waliouawa pale hukadiriwa kufikia 50,000. Waliotoka hai ni wachache mno.

Leo pale ni mahali pa ukumbusho, na baadhi ya miili imehifadhiwa kwa chokaa, ikalazwa madarasani. Tarehe 20 Septemba 2023 UNESCO iliandika Murambi katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Nyamata, Gisozi na Bisesero.

Haki nayo ilifika, ijapokuwa kwa mwendo wa kobe. Mwezi Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimhukumu Aloys Simba, luteni kanali mstaafu, kifungo cha miaka 25 kwa sehemu yake katika mauaji ya Murambi na Kaduha. Mwezi Julai 2022 mahakama ya Paris ilimhukumu Laurent Bucyibaruta, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Gikongoro, kifungo cha miaka 20 kwa kushiriki katika mauaji ya kimbari. Mmoja alikuwa mwanajeshi, wa pili mtawala.

Mwanajeshi na polisi wanaposoma habari hizi, naomba wasimame hapo kwa kitambo. Watu wale hawakutekwa wakapelekwa Murambi kwa nguvu. Walikwenda kwa kuwa waliamini. Waliiona sare, wakadhani wameona usalama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata hapa Kigali, katika shule ya ETO ya Kicukiro, ambako zaidi ya watu 2,000 walikimbilia penye bendera ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili 1994 askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja huo waliondoka, na watu wale wakauawa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ahadi ya mwenye silaha kwa asiye nayo si neno la adabu tu. Ni kitu ambacho mama huweka juu yake uhai wa watoto wake. Daktari wa riwaya hakuwaua mkewe na wanawe kwa panga. Aliwaua kwa ahadi. Jandarmeri iliyosimama kwenye lango la Murambi haipo tena. Mwaka 2000 ilivunjwa, na Polisi ya Taifa ya Rwanda ikaundwa. Wanajeshi wetu tangu 2004 walipokwenda Darfur wamesimama mbele ya watu wa mataifa mengine waliokimbilia sare kama walivyokimbilia wale wa Kicukiro. Aliyeisoma Murambi anajua kwa nini lango lile haliachwi.

Panapopungua

Kitabu kizuri hakikosi mapungufu, na msomaji mwaminifu huyataja. Nathalie, mama wa nyumba, ndiye ambaye kifo chake kinabeba kisa chote, lakini twamjua kidogo mno. Hatusikii alivyomwelewa mumewe kwa miaka yote ya ndoa, wala kama aliwahi kumwona, usiku mmoja, akiwa na uso mwingine. Mwandishi amewapa sauti muuaji, mgeni na mpita njia, asimpe yule aliyelala kitanda kimoja na muuaji.

Wasomaji wa Kiswahili wanaomjua Euphrase Kezilahabi watakumbuka jinsi alivyotuingiza ndani ya nyumba katika Rosa Mistika, mwaka 1971, tukaona hatua kwa hatua namna baba anavyoweza kuiangamiza familia yake bila kuinua silaha ya vita. Ningependa Diop angekaa jikoni mwa Nathalie angalau sura moja. Huenda aliona aibu kumsemea maiti. Hata hivyo pengo hilo msomaji hulihisi, na labda kulihisi ni sehemu ya kuomboleza.

Kwa nini isomwe kambini

Yuko atakayesema kwamba askari hana nafasi ya riwaya, na kwamba machozi hudhoofisha nidhamu. Nami nasema kinyume chake. Kila mwaka tarehe 7 Aprili taifa huanza kuomboleza, na polisi na wanajeshi huwa kazini penye mikusanyiko ya ukumbusho. Hapo huona watu wakipatwa na ihahamuka: mtu mzima huanguka ghafula, hupiga kelele, huwaona wauaji waliokwisha ondoka miaka mingi. Askari asiyejua huzuni ni nini atamshika mtu huyo kama anayeshika mlevi. Anayejua atamshika kama anavyomshika ndugu, atawaita wahudumu, na ataondoa macho ya watu juu yake.

Pia yuko polisi anayeandika maelezo ya mjane, na ofisa anayemwita kijana ofisini kumwuliza kwa nini amebadilika mwezi huu. Nyaraka za kazi humfundisha aulize nini. Riwaya humfundisha anyamaze lini.

Kitabu si kirefu. Kina kurasa zipatazo 200, na sura zake fupi husomeka baina ya zamu na zamu. Kingefaa kiwekwe katika maktaba za kambi na vyuo vya polisi, kisomwe na wengi, kisha kijadiliwe kwa uwazi, mkubwa na mdogo wakiketi pamoja. Ingependeza vilevile kisomwe kwa Kiswahili, ambacho sheria ya mwaka 2017 ilikifanya lugha rasmi ya Rwanda, na ambacho askari walikuwa wakikisema zamani kabla sheria hiyo haijatungwa.

Mwishoni mwa riwaya Cornelius anamwona pale Murambi mwanamke kijana aliyevaa nguo nyeusi, ambaye huja penye miili kumtafuta mtu wake. Anataka kumwambia neno. Ni mtoto wa Karekezi anayetaka kusema na mfiwa wa Karekezi. Wenye methali watasema anyamaze. Mimi nasema na aseme, mradi kwanza awe amesikiliza. Nasi tuliokabidhiwa silaha za taifa, au tunaowaandikia waliokabidhiwa, wajibu wetu ni kulinda uwanja ule uwe salama kwa wote wawili, ili mmoja aweze kusema na mwingine aweze, akipenda, kumjibu.